Faiba ipo, mbona bawa la kaboni bado linagongwa kwa sarafu?

Swali: Shikamoo Mhandisi. Mimi ni mwanafunzi wa matengenezo ya ndege hapa Dar es Salaam. Darasani tumefundishwa kukagua vipande vya kompoziti kwa macho, kwa kugonga na sarafu au nyundo ndogo, na kwa ultrasauti. Halafu nikasoma kwamba faiba, ile ile inayoleta intaneti majumbani, ikizikwa ndani ya bawa inaweza kueleza hali ya bawa zima saa yoyote. Kama ni kweli, mbona Boeing 787 na Airbus A350 bado zinakaguliwa kwa njia za zamani? Na je, naweza kufanya mradi wangu wa mwisho juu ya jambo hili bila vifaa vya mamilioni?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Uliyoyasoma ni kweli kwa sehemu kubwa, ila habari nyingi za teknolojia hii huruka jambo moja, na humo ndimo lilimo jibu lako. Faiba haioni ufa. Inachokiona ni kurefuka na kufupika kwa kitu kilichoishika, pamoja na joto la mahali ilipolala. Kutoka kwenye namba hizo mpaka fundi atie sahihi kwamba tabaka zimebanduka na ndege isiruke, kuna kazi kubwa ambayo bado inaendelea. Nitakueleza kwa kirefu, maana wewe ndiye utakayekuja kutia sahihi hizo.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Bati la alumini likidondokewa na spana hubonyea, na alama inabaki pale kila mtu aione. Kompoziti ya kaboni na epoksi, yaani tabaka za nyuzi za kaboni zilizogandishwa pamoja kwa rezini, hupokea pigo kama embe lililoanguka: ganda linabaki zuri, ndani limevia. Rezini iliyo kati ya tabaka hupasuka, tabaka huachana, na mara nyingi mbanduko huwa mpana zaidi kadiri unavyoingia ndani, mbali na pale palipopigwa. Kipande hicho ukikivuta kitakuonyesha nguvu karibu zote kilizokuwa nazo, kwa sababu nyuzi nyingi bado ni nzima. Hatari iko kwenye kukandamizwa. Tabaka zilizoachana hubaki nyembamba, kila moja peke yake, zinapinda kwenda nje, na mbanduko unazidi kutambaa. Ndiyo maana hakuna kompoziti mpya inayoingia kwenye ndege kabla ya kupimwa nguvu yake ya kubeba mkandamizo baada ya kupigwa.

Pia kuna kasoro zisizohitaji pigo. Tarehe 6 Machi 2005, Airbus A310 ya Air Transat iliondoka Varadero, Kuba, kuelekea Quebec. Ikiwa angani juu ya bahari, usukani wa mkiani ulimeguka karibu wote. Marubani waliirudisha Varadero salama. Usukani huo ulikuwa wa kompoziti: ngozi mbili za kaboni, na katikati kiini chepesi chenye umbo la sega la nyuki. Wachunguzi wa Kanada walihitimisha kwamba utaratibu wa ukaguzi uliokuwepo, wa macho na kugonga, huenda haukutosha kugundua kasoro za namna hiyo kwa wakati. Kwa hiyo wasiwasi wako kuhusu sarafu una msingi, na wakubwa wa fani hii wanao.

Sasa tuje kwenye faiba. Uzi wa kawaida ni kioo cha silika chenye kipenyo cha maikromita 125. Katikati yake kuna kiini cha maikromita 8 hadi 10 ambamo mwanga husafiri, na juu yake koti la plastiki linalofikisha kipenyo chote maikromita 250. Mwaka 1978, Ken Hill na wenzake wa Communications Research Centre mjini Ottawa waligundua kwamba mwanga wa leza unaweza kubadilisha kioo cha kiini moja kwa moja, ukaacha humo mistari inayorudiarudia. Mwaka 1989, Meltz, Morey na Glenn wa United Technologies huko Marekani walionyesha jinsi ya kuichora mistari hiyo kwa miali ya urujuanimno kutoka ubavuni mwa uzi. Hapo ndipo teknolojia ilipoingia viwandani, kwa sababu sasa mtu aliweza kuchagua mistari ikae wapi na iachane kiasi gani.

Kipande chenye mistari hiyo huitwa gretingi ya Bragg. Kwa mwanga wa infraredi wa nanomita 1550, ambao ndio unaotumika pia kwenye mawasiliano, mistari huachana kama nusu ya maikromita. Gretingi yenye urefu wa milimita 10 ina mistari zaidi ya 18,000. Kila mstari hurudisha chembe ndogo sana ya mwanga, na kwa urefu mmoja tu wa wimbi chembe hizo zote hukubaliana na kuungana. Urefu huo wa wimbi unarudi, mwingine wote unapita. Ukiivuta faiba, mistari inaachana zaidi, na urefu wa wimbi unaorudi unasogea. Mita moja ikirefuka kwa maikromita moja, wahandisi husema streni ni maikrostreni 1. Kwa kila maikrostreni 1, wimbi la gretingi ya nanomita 1550 husogea takriban pikomita 1.2 (pikomita 1,000 ni nanomita moja). Kariri namba hiyo, utaitumia maisha yako yote.

Uzuri wake mkubwa ni kwamba unaweza kuchora gretingi nyingi kwenye uzi mmoja, kila moja na urefu wake wa wimbi, na kisomaji kimoja, yaani kifaa kinachotuma mwanga na kusoma unaorudi, kikazitambua zote bila kuzichanganya. Kwa geji za umeme, ambazo ni vipimo vya streni vya siku zote, kila kipimo kinadai waya zake, na bawa lenye vipimo mia linageuka kichaka cha nyaya. Faiba pia haipitishi umeme, haisumbuliwi na redio wala rada, haichochei cheche karibu na mafuta, na hailiwi na kutu.

Hapo ndipo matangazo ya biashara huishia. Sisi tuendelee.

Tatizo la kwanza ni joto. Nyuzijoto 1 ya Selsiasi husogeza wimbi la gretingi kama pikomita 10, yaani sawa na maikrostreni 8 hivi za uongo. Fikiria 787 imesimama Julius Nyerere mchana wa Februari, halafu saa moja baadaye iko kwenye hewa ya nyuzijoto 55 chini ya sifuri. Tofauti ni karibu nyuzijoto 90. Gretingi isiyosahihishwa itasema bawa limefupika kwa maikrostreni zaidi ya 700 hata kama halijabeba mzigo wowote. Kwenye kompoziti za ndege, ambako wasanifu kwa kawaida huweka ukomo wa maikrostreni elfu chache tu, 700 si kelele ya kupuuzwa. Dawa ipo: unaweka gretingi ya pili ndani ya kijibomba chembamba ambamo uzi umelegea, haushikwi na kitu chochote, usome joto peke yake, kisha unaliondoa kwenye hesabu ya gretingi ya kwanza. Ila gretingi iliyozikwa inafuata pia upanukaji wa kompoziti yenyewe, na kaboni ina tabia ya ajabu: upande wa nyuzi haipanuki karibu kabisa, upande wa kukata nyuzi inapanuka sana. Kwa hiyo usahihishaji unategemea tabaka zimepangwa vipi. Ukiona ripoti ya vipimo vya faiba isiyoeleza joto lilishughulikiwaje, iweke pembeni.

La pili ni kuishi pamoja kwa faiba na tabaka. Uzi mmoja wa kaboni una kipenyo cha maikromita 5 hadi 7. Tabaka moja ya kaboni ya ndege ina unene wa kama milimita 0.125, sawasawa na kioo cha faiba bila koti. Unaingiza mgeni mnene kwenye nyumba ya watu wembamba. Akilala sambamba na nyuzi za tabaka, hupenya katikati yao na madhara ni madogo. Akilala kwa kuzikata, tabaka za juu na chini hulazimika kumzunguka, na pembeni yake panabaki mfuko wa rezini tupu wenye umbo la jicho. Rezini tupu ni dhaifu, na ufa hupenda kuanzia hapo. Kanuni ya kazi ni kuilaza faiba sambamba na nyuzi za jirani kila inapowezekana. Koti nalo ni muhimu. Koti la kawaida la akriliki hulainika kwenye joto la oveni ya shinikizo, ambalo kwa epoksi nyingi za ndege ni nyuzijoto 180, na koti likilainika kurefuka kwa kompoziti hakumfikii kioo vizuri. Ndiyo maana hutumika koti jembamba la poliimidi, plastiki inayostahimili joto hilo.

La tatu ndilo kubwa, na ningependa ulisome polepole. Madhara ya mbanduko kwenye streni ni ya mahali pale pale. Tabaka zikibanduka kwenye eneo la milimita 20, mzigo unapindapinda kulizunguka eneo hilo, na ukisogea kidogo tu, kama upana wa kiganja, kila kitu kimerudi kawaida. Gretingi iliyoko mbali zaidi ya hapo itakwambia bawa ni zima, na kwa upande wake haidanganyi: pale ilipo, bawa ni zima kweli. Zaidi ya hayo, kipande chenye mbanduko kikiwa kinavutwa tu, streni ya juu yake inaweza isibadilike kwa kiasi cha kuonekana, kwa sababu tabaka zote bado zinarefuka pamoja. Mbanduko hujitokeza pale kipande kinapokandamizwa na tabaka ikaanza kupinda. Kwa hiyo unaweza kuwa na kipimo sahihi, mahali sahihi, na bado usione kitu, kwa sababu ndege haikufanya siku hiyo mwendo ambao ungeifichua kasoro.

Kuna watu walioukabili ukweli huu kwa akili sana. Nobuo Takeda na kundi lake la Chuo Kikuu cha Tokyo, mwanzoni mwa miaka ya 2000, walitumia faiba nyembamba yenye kioo cha maikromita 40, ikiwa na koti inafika 52, inayolala ndani ya tabaka moja bila kuivuruga. Badala ya kusoma tu wimbi limesogea kiasi gani, walisoma umbo la mwanga unaorudi. Gretingi ikivutwa sawasawa mwanzo hadi mwisho, kilele kinasogea kikiwa kimenyooka. Nyufa zikitokea karibu, sehemu moja ya gretingi inarefuka zaidi ya nyingine, na kilele kinapanuka au kinagawanyika. Umbo hilo linakuambia kuna jambo hata kama wastani haujabadilika. Kwangu mimi hii ni kazi nzuri kuliko nyingi zilizofanyika kwenye fani hii, kwa sababu walikubali kwanza faiba haioni nini, ndipo wakatafuta dalili inayoonekana.

Njia nyingine ni kuacha kutegemea vituo vichache na kusoma uzi wote. Kioo kinapovutwa tanurini kuwa uzi, tofauti ndogondogo za msongamano huganda ndani yake bila mpangilio, na kila moja hurudisha nyuma chembe ya mwanga. Huo ni mtawanyiko wa Rayleigh. Fundi wa mkongo anayetumia kifaa kiitwacho OTDR kutafuta faiba ilikatikia kilomita ya ngapi anautumia kila siku. Kwa vipimo vya streni hutumika leza inayobadilisha rangi yake taratibu na kusoma mwanga unaorudi kwa usahihi wa milimita chache, kwenye uzi wa urefu wa makumi ya mita. Sehemu ya faiba ikirefuka, mpangilio wake wa kurudisha mwanga unasogea, na kompyuta inajua ni milimita ipi. Faiba hiyo haihitaji kuchorwa gretingi yoyote. Mtawanyiko mwingine, wa Brillouin, hufika makumi ya kilomita lakini kwa kawaida hutofautisha mita kwa mita, hivyo unafaa mabomba na madaraja kuliko bawa.

Mfano unaofaa kuujua ni wa NASA. Juni 2003, ndege yao Helios, bawa refu la mita 75 linaloendeshwa kwa jua bila rubani ndani, iliingia kwenye hewa iliyochafuka karibu na kisiwa cha Kauai, Hawaii. Bawa lilipinda kuelekea juu kupita kiasi, ndege ikaanza kuyumba kwa mawimbi yanayoongezeka, ikavunjika. Wahandisi wa kituo cha NASA huko Edwards, California, wakasukuma mbele mfumo wa faiba wa kusoma umbo la bawa likiwa angani. Mwaka 2008 waliurusha kwenye ndege isiyo na rubani iitwayo Ikhana: nyuzi chache zilizogandishwa juu ya mabawa, zikitoa vipimo vya streni takriban 2,000, na uzito wa nyuzi na waya zake haukufika kilo moja. Angalia walichokuwa wakitafuta. Walitaka umbo na mzigo, si nyufa. Umbo la bawa ni jambo ambalo streni inalijibu moja kwa moja kwa hesabu, na ndiyo maana mfumo ule ulifaulu.

Turudi kwenye 787 uliyoiuliza. Nusu ya uzito wa muundo wake ni kompoziti, A350 imepita kidogo hapo. Ethiopian walianza kuirusha 787 mwaka 2012, Kenya Airways 2014, Air Tanzania 2018, kwa hiyo swali hili liko uwanjani kwetu kabisa. Ndege hizi zimesanifiwa zikijua kwamba kasoro isiyoonekana itakuwepo. Waraka wa mamlaka ya anga ya Marekani, AC 20-107B wa mwaka 2009, unagawa madhara ya kompoziti katika makundi matano. Kundi la kwanza ni yale ambayo ukaguzi wa kawaida unaweza kuyakosa, na muundo lazima uyabebe kwa maisha yote ya ndege huku ukistahimili mzigo wa mwisho, ambao ni mara 1.5 ya mzigo mkubwa unaotarajiwa kazini. Yaani lile embe limeshahesabiwa. Mafundi wanaangalia kwa macho kwa sababu wasanifu walilipa gharama mapema kwa kuongeza unene wa kompoziti.

Faiba ingetaka kubadilisha hilo, ingebidi ithibitishe uwezo wake kama njia nyingine za ukaguzi: kwamba kasoro ya ukubwa fulani itagunduliwa kwa uwezekano wa asilimia 90, na uhakika wa takwimu wa asilimia 95. Kwa ultrasauti unachukua vipande vingi vyenye kasoro za ukubwa tofauti, unawapa mafundi mbalimbali, unahesabu waliopata na waliokosa. Kwa faiba iliyogandishwa mahali pamoja, kila bawa lina mpangilio wake, na ili upate takwimu inabidi uharibu mabawa mengi. Hakuna anayependa bei hiyo. Njia za kutumia hesabu za kompyuta kujaza pengo zinajengwa, na tangu 2013 kuna mwongozo wa SAE, chama cha wahandisi wa magari na ndege, uitwao ARP6461 unaoeleza mifumo ya namna hii iingizwe vipi kwenye ndege. Bado ni njia nyembamba.

Kisha kuna mambo ya karakana ambayo machapisho huyataja kwa mstari mmoja. Faiba lazima itoke mahali fulani kwenye kipande, na kipande cha kompoziti kikitoka kwenye oveni hukatwa kingo zake kwa msumeno au maji yenye shinikizo. Ukisahau ilipotokea, umeikata. Hata usipoikata, pale inapotoka kwenye rezini ngumu kwenda hewani ndipo hupinda na kuvunjika. Na ikivunjikia ndani, haitolewi tena. Kifaa kinachotakiwa kuishi miaka 30 bila kubadilishwa ni mzigo kwa shirika lolote la ndege. Kwa sababu hiyo wengi huigandisha juu ya kipande, ambako fundi anaweza kuibandua na kuweka mpya. Ningekuwa mimi ndiye mwenye kuamua, ningeanza hivyo pia, na kuzika ningeacha kwa kazi ya kiwandani: faiba iliyozikwa tangu mwanzo inaweza kuonyesha rezini inavyoganda, inavyojikunja na mkazo unaobaki ndani, mambo ambayo hakuna sarafu itakayokuambia.

Hata kipimo kikiwa kizuri, kuna hatua ya mwisho ambayo haiko kwenye kioo. Nyambizi ndogo ya Titan, iliyobomoka ikielekea kwenye mabaki ya Titanic tarehe 18 Juni 2023 na kuua watu watano, ilikuwa na kiwiliwili cha kaboni chenye geji za streni za umeme na vipokea sauti. Julai 2022, baada ya mbizo moja, ulisikika mlio mkubwa, na kwenye kikao cha uchunguzi cha 2024 wataalamu walionyesha kwamba tangu hapo streni ya kiwiliwili ilibadilika tabia. Chombo kikaendelea kutumika. Faiba isingebadilisha lolote pale. Kabla hujafunga kihisi chochote, andika kwanza namba ikifika hapa nani anasimamisha kazi, na ana mamlaka gani. Bila karatasi hiyo hujafunga mfumo wa usalama, umefunga kumbukumbu.

Usije ukadhani nakukatisha tamaa. Kuna mahali faiba imeshinda kabisa, na mahali pa wazi ni mitambo ya upepo. Mapanga yake ni kompoziti ya nyuzi za kioo, mengine yana kaboni, yanazunguka mchana na usiku, na radi huyatafuta. Geji ya umeme kwenye panga ni kualika radi iingie kwenye mitambo ya kupimia. Faiba haina tabia hiyo. Gretingi chache kwenye shina la kila panga husoma linavyopinda, na mtambo ukaligeuza panga hilo peke yake kupunguza mzigo. Panga moja likianza kupinda tofauti na mawili mengine kwenye upepo ule ule, mafundi wanaambiwa wapande wakaangalie. Umeona ujanja? Mapanga matatu yanakuwa kipimo cha wenyewe kwa wenyewe. Hakuna haja ya kujua upepo ulikuwa na nguvu kiasi gani. Marsabit, Kenya, kwenye mradi wa Ziwa Turkana, kuna mitambo 365, yaani mapanga 1,095, na kupanda kukagua kila moja kwa kamba ni kazi isiyokwisha. Nchi zetu zinapoongeza mitambo ya upepo, mafundi wanaojua faiba na kompoziti kwa pamoja watatafutwa. Daraja la Beddington Trail mjini Calgary nalo, tangu 1993, lilijengwa likiwa na kamba za kaboni na faiba za gretingi ndani yake, kwa hiyo upande wa ujenzi una uzoefu mrefu kuliko wengi wanavyodhani.

Sasa mradi wako. Kisomaji cha gretingi huanzia maelfu ya dola, na kama chuo chako au mbia wake anacho, fanya jaribio la kibao. Chukua kibao cha fibaglasi chenye unene wa milimita 3, kibane upande mmoja, kiache milimita 300 zikining'inia, gandisha gretingi juu yake karibu na pale ulipobana. Sukuma ncha chini milimita 10. Hesabu ya kibao kilichobanwa upande mmoja inakupa streni ya maikrostreni 500 pale shinani, hivyo wimbi lisogee karibu nanomita 0.6. Likisogea pungufu sana, gundi yako haikushika, au gretingi iko mbali na shina kuliko ulivyodhani. Rudia asubuhi na saa nane mchana bila mzigo, utaliona joto kwa macho yako.

Kama kisomaji hakipo, kuna mradi mwingine, na kwa kweli mimi ningekusukuma kwenye huu, kwa sababu unagusa swali lako lenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1980 watafiti wa Chuo Kikuu cha Toronto walizika faiba za kawaida kwenye kompoziti, wakazipitishia mwanga, na palipopigwa faiba zilikatika zikavujisha mwanga. Unahitaji tochi nyekundu ya faiba na kipima nguvu ya mwanga, vitu ambavyo kila fundi wa intaneti anavyo kwenye begi, pamoja na mashine ya kuchomelea faiba utakayoazima. Nenda kwa mafundi wa boti za faiba, Kunduchi au Unguja, wakufundishe kutandika mkeka wa nyuzi za kioo na rezini ya poliesta. Rezini hiyo huganda bila oveni, hivyo koti la akriliki halitaharibika, na kibao chake kinapitisha mwanga kiasi cha kuonyesha nukta nyekundu faiba inapovujia. Kwa kaboni nyeusi usingeona kitu.

Tengeneza vibao vingi vinavyofanana, kila kimoja na nyuzi kadhaa zilizopishana kati ya tabaka. Dondosha uzito wa kilo 1 kutoka urefu tofauti. Mita 1 ni karibu jouli 9.8 za nishati. Pima mwanga kabla na baada. Faiba yenye koti lake zima inaweza kunusurika huku tabaka zimeachana, kwa hiyo jaribu pia vibao ambavyo umevua koti kwenye sehemu ya katikati ya uzi, uone zinaanza kukatika kwenye nishati gani. Kisha mpe mwenzako sarafu agonge vibao vyote, pamoja na vingine ambavyo hujavipiga kabisa, aandike anachosikia. Mwisho kata kila kibao kwa msumeno, paka wino kwenye ukingo uliokatwa, pima upana wa mbanduko. Panga matokeo kwa ukubwa wa mbanduko: faiba ilipata wapi na kukosa wapi, sarafu ilipata wapi na kukosa wapi, na ni mara ngapi kila njia ilipiga kelele kwenye kibao kisicho na kasoro. Mgongaji asijue ni vibao vipi vimepigwa, na wewe usiwepo chumbani anapogonga.